Santuri yenye mkwaruzo

Ndugu msomaji, katika kabati langu la santuri, ambalo mama watoto hulihesabu kuwa ni mke mwenza asiyekula wala asiyepika, ipo santuri moja ambayo mnunuzi yeyote makini angeitia kasoro mara tu aishikapo. Jalada lake limepauka, kona moja imeliwa na mende, na upande wa kwanza, katika wimbo wa pili, upo mkwaruzo mrefu unaoifanya sindano iruke kama mtoto arukaye dimbwi. Majuma machache yaliyopita alifika nyumbani kijana mmoja anayenunua santuri za zamani, maana siku hizi zimekuwa mali tena. Alizipekua zote kwa adabu, akaifikia hiyo, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaguna. Alinitajia nusu ya bei aliyozitajia nyingine. Nilipomwambia kwamba haiuzwi alidhani ninapandisha bei, akaongeza. Nikamwambia tena kwamba haiuzwi, naye akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kidogo kwa uzee.

Santuri yenyewe ni "Otis Blue", iliyoimbwa na Mmarekani mweusi Otis Redding, ikatolewa Septemba 1965 kwa nembo ya Volt, iliyokuwa chini ya kampuni ya Stax ya mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Ina nyimbo 11, nazo zote huchukua dakika 32 hivi, yaani muda wa kusonga ugali na kuunga mchicha ikiwa mkaa ni mkavu. Wapo watu waliokwisha andika vitabu juu ya muziki wa soul na wasiofikia kueleza yale ambayo dakika hizo 32 zinayaeleza. Na mimi sidai kwamba nitawashinda. Nataka tu kukueleza jinsi ilivyotengenezwa, na kwa nini nyumbani kwangu haiuzwi.

Tuanze na mahali penyewe, kwa kuwa bila mahali pale santuri hii isingekuwa na sauti iliyo nayo. Stax haikuwa jumba la fahari. Ilikuwa sinema kuukuu iliyokwisha kufungwa, iliyoitwa Capitol, katika barabara ya East McLemore. Waliokodi jengo hilo walikuwa ndugu wawili weupe, Jim Stewart, aliyekuwa mfanyakazi wa benki na mpiga fidla, na dada yake Estelle Axton, ambaye aliiweka rehani nyumba yake ili fedha za kununulia mashine ya kunasia sauti zipatikane. Herufi mbili za jina la kaka na mbili za jina la dada ndizo zilizounda jina Stax. Viti vya sinema viling'olewa, lakini sakafu ilibaki imeinama kuelekea jukwaani, kama sakafu za sinema zilivyo, na chumba cha mitambo kikawekwa pale juu ya jukwaa. Pale mbele, palipouzwa bisi na peremende kwa watazamaji, Bibi Estelle alifungua duka la santuri. Vijana wa mtaa waliingia kununua, naye akawapigia nyimbo ambazo bado hazijatolewa ili aone kama mabega yao yatatikisika. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wa soko, na sijaona mwingine uliopata kuushinda.

Katika mji ule, ambako weusi na weupe walikuwa wakitenganishwa shuleni na mezani, ndani ya sinema hiyo walikaa pamoja Steve Cropper wa gitaa na Donald "Duck" Dunn wa gitaa la besi, ambao ni weupe, na Al Jackson wa ngoma na Booker T. Jones wa kinanda, ambao ni weusi. Booker T. alikuwa akisoma chuo kikuu huko Indiana, kwa hiyo alipokuwa masomoni alishikiwa kinanda na kijana mmoja wa Memphis aitwaye Isaac Hayes, ambaye dunia ilikuja kumfahamu baadaye kwa jina lake mwenyewe. Walikuwapo pia wapiga tarumbeta na saksafoni, miongoni mwao Wayne Jackson na Andrew Love, mmoja mweupe na mmoja mweusi, waliopumua kama pafu moja.

Otis Redding mwenyewe alizaliwa mwaka 1941 huko Dawson, jimbo la Georgia, akakulia mji wa Macon. Baba yake alikuwa mkulima wa kulima shamba la mwingine na kugawana mavuno, tena mhubiri, naye alishikwa na kifua kikuu. Kwa sababu hiyo kijana aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15 ili asaidie nyumbani. Alifanya kazi katika kituo cha mafuta, akachimba visima. Naomba uikumbuke hiyo kazi ya visima, maana tutairudia. Mwaka 1962 aliingia Stax kwa mara ya kwanza akiwa dereva. Alimwendesha mpiga gitaa Johnny Jenkins aliyeitwa kurekodi, na kazi ya mpiga gitaa huyo ilipokwama na muda ukabaki kidogo, dereva akaomba aimbe. Aliimba "These Arms of Mine", na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita dereva tena.

Sasa njoo katika mwezi Julai 1965. Otis alikuwa na umri wa miaka 23. Kutoka New York alikuja mhandisi wa sauti Tom Dowd, mtu ambaye ujanani alishiriki katika mradi wa siri wa Marekani uliozaa bomu la atomiki, kisha, kwa rehema za Mungu, akaamua kutumia akili yake kupanga vipaza sauti. Walianza kazi Ijumaa tarehe 9, saa 4 asubuhi. Ilipofika saa 2 usiku wakasimama. Si kwa kuchoka, bali kwa kuwa wanamuziki walikuwa na kazi zao za usiku katika kumbi za mjini, na ujira wa ukumbini ulikuwa ni mkate wa watoto. Saa 8 usiku, walipomaliza kuwachezesha watu, walirudi studio jasho likiwa halijakauka, wakaendelea mpaka saa 8 mchana wa Jumamosi. Hapo karibu santuri nzima ilikuwa imekwisha.

Wewe unayefanya kazi ya zamu kiwandani, bandarini au hospitalini, unaijua sauti ya mtu wa saa 10 usiku. Haijipambi. Ukiisikiliza santuri hii kwa makini utaisikia sauti hiyo: mikwaruzo ya koo, pumzi inayokatika kabla ya neno kwisha, na nyuma yake watu ambao wamepiga pamoja mara nyingi hata hawana haja ya kutazamana. Otis hakujua kuandika muziki. Alisimama mbele ya wapiga tarumbeta akawaimbia kwa mdomo kila mmoja sehemu yake, nao wakaishika. Ndiyo maana tarumbeta za Otis huimba kama yeye. Zimefundishwa na koo lake. Katika nyimbo nyingi hakuna waitikiaji. Tarumbeta ndizo zinazoitikia.

Lipo jambo moja la ufundi ambalo napenda ulisikilize. Miezi miwili kabla, yaani Mei 1965, Wilson Pickett alirekodi katika jengo hilo hilo wimbo "In the Midnight Hour", na bwana mmoja mkubwa wa kampuni ya Atlantic, Jerry Wexler, alitoka chumba cha mitambo akacheza dansi mbele ya wapigaji ili kuwaonyesha wapi vijana wa New York wanaweka mkazo. Tangu hapo Al Jackson na Steve Cropper wakawa wanalichelewesha kidogo pigo la pili na la nne. Ni kidogo sana. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, na yule wa pili anauacha mchi wa mwenzake ufike chini kabisa kabla ya kuushusha wa kwake. Wimbo hauchelewi, lakini mwili wako unavutwa mbele kulijaza pengo. Ukitaka kulithibitisha, weka wimbo "Shake", wa kwanza upande wa pili, kisha jaribu kukaa bila kutikisa mguu.

Huo "Shake" ni mmoja kati ya nyimbo tatu za Sam Cooke zilizomo humu. Sam Cooke, aliyekuwa kioo cha waimbaji wote weusi wa wakati ule, aliuawa kwa risasi huko Los Angeles Desemba 1964, miezi saba tu kabla ya kazi hii. Otis alimpenda mno, na alipozirekodi nyimbo hizo alikuwa kama mtu anayevaa koti la marehemu kaka yake. Mzito kuliko zote ni ule unaosema juu ya mabadiliko yatakayokuja. Sam alikuwa amekataliwa chumba katika nyumba moja ya wageni huko Shreveport, Louisiana, mwaka 1963, kwa ajili ya rangi yake. Yeye aliuimba kwa vinanda vingi na kwa utulivu wa kanisani. Otis anauimba kama mtu aliyesimama nje ya mlango ule ule. Majuma manne tu baada ya kurekodi, tarehe 6 Agosti 1965, ilitiwa sahihi sheria ya kuwalinda weusi wa Marekani katika haki yao ya kupiga kura.

Si kila kilichomo humu ni dhahabu. "My Girl", uliokwisha kuimbwa vizuri na kundi la Temptations, Otis hakuuongezea kitu, namsamehe. Lakini "Satisfaction" ni kisa cha kuchekesha. Wimbo huo wa vijana wa Kiingereza, Rolling Stones, ulikuwa mpya kabisa madukani, na Otis alikuwa hajausikia. Cropper ndiye aliyeuleta santuri yake, na Otis akauimba huku akiyaacha maneno yaanguke popote yalipotaka. Mahali ambapo Waingereza walipiga gitaa lenye kunguruma, Memphis waliweka tarumbeta. Keith Richards, mpiga gitaa wao, alikuja kukiri kwamba tangu mwanzo alipoitunga sauti ile alikuwa akifikiria tarumbeta.

Upande wa kwanza unakwisha kwa "I've Been Loving You Too Long", ambao Otis aliutunga pamoja na mwimbaji Jerry Butler walipokutana hotelini huko Buffalo. Ulikwisha kurekodiwa Aprili kwa ajili ya santuri ndogo, ukarudiwa Julai. Ni wimbo wa mtu aliyependa muda mrefu mno hata hawezi kuacha, ilhali anaona wazi kwamba mwenzake amechoka. Tarumbeta hupanda ngazi moja moja. Otis anangoja chini ya kila ngazi. Nimewaona wanaume wazima, wenye vyeo, wakitoka nje kuvuta hewa wimbo huu unapopigwa.

Sasa nije kwenye mkwaruzo.

Mwaka 1981 nilikuwa fundi katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, tukikaa vyumba viwili vya kupanga Magomeni, na binti yetu Zaina ndiyo kwanza anatambaa. Ndugu msomaji wa umri wangu anaikumbuka hali ya miaka ile: foleni ya unga, foleni ya sabuni, na kibiriti kilichokatwa njiti kwa hesabu. Baharia mmoja jirani yetu alirudi safari na santuri chache, na mojawapo ilikuwa hii. Nilikuwa nimezipenda nyimbo za soul tangu shule, tangu kabla ya Novemba 1969, wakati viongozi wa mkoa walipoupiga marufuku muziki huo katika kumbi za Dar es Salaam wakiona unawapotosha vijana. Na kama ilivyo kawaida ya vitu vilivyopigwa marufuku, sisi tuliendelea kuupiga vyumbani, dirisha limefungwa. Basi ilikuwa siku ya mshahara. Nilimlipa baharia kwa fedha ambazo kwa haki zilikuwa za mkaa na mafuta ya taa.

Nilifika nyumbani nikiwa na santuri kwapani na nusu ya fedha za matumizi. Mama Zaina alitazama bila kusema kitu. Nami, badala ya kunyamaza, niliona nijihami kwa kushambulia. Niliiweka santuri, nikapeleka sindano moja kwa moja katika wimbo wa pili, "Respect", yaani heshima, ambao Otis aliutunga mwenyewe. Nikamtafsiria. Nilimweleza kwamba huyu bwana anafanya kazi, analeta fedha zake nyumbani, na analotaka ni dogo tu, apewe heshima yake arudipo jioni. Mengine yote yuko tayari kuyavumilia. Nilimwambia kwamba dunia nzima, hata Marekani, mwanamume hudai hilo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Baba Zaina, na huyo mkewe, yeye anafanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe aliamka kila siku saa 10 usiku kuchoma vitumbua, akaviuza kituo cha basi, na senti zake ndizo zilizokuwa zikifunika matundu ya mshahara wangu, mambo ambayo sikuwa nimepata kuyahesabu hata siku moja. Nilirudisha sindano nyuma ili wimbo uanze tena, kwa ubishi tu. Ndipo alipounyosha mkono akaitoa. Hakuitoa kwa taratibu.

Jirani alikuja kuuliza kama kuna mtu aliyepasua nguo.

Tulikaa siku nne tukisemeshana kwa kupitia mtoto, ambaye hajui kusema. Siku ya tano nilikwenda kwa baharia nikamwomba aichukue santuri anirudishie fedha. Akaitazama, akacheka, akanirudishia santuri. Nilizifidia zile fedha za mkaa kwa kufanya kazi ya ziada Jumapili mbili.

Miaka mitatu baadaye rafiki yangu mmoja aliniazima santuri ya Aretha Franklin ya mwaka 1967, ile inayofunguliwa kwa wimbo huo huo wa heshima. Aretha aliurekodi New York Februari 1967, na Juni mwaka huo ukawa wa kwanza katika Marekani yote. Alikuwa ameugeuza kama mtu ageuzavyo kanzu ya mumewe kuwa gauni: sasa anayedai heshima ni mwanamke, naye anasema wazi kwamba fedha anazo mwenyewe. Aliongeza pale anapoitaja heshima herufi kwa herufi, na dada zake wawili wakaitikia nyuma yake. Otis mwenyewe, alipopanda jukwaani Monterey huko California mwezi ule ule wa Juni, aliwatania wasikilizaji kwamba wimbo wake umeporwa na msichana mmoja. Alisema akicheka, lakini alijua kwamba hautarudi.

Nilipoupiga nyumbani, sikutafsiri neno hata moja. Mama Zaina alikuwa akichambua mchele. Baada ya ubeti wa kwanza aliniambia niongeze sauti.

Miezi sita baada ya Monterey, tarehe 10 Desemba 1967, ndege ndogo iliyomchukua Otis na vijana wa bendi yake, Bar-Kays, ilianguka katika Ziwa Monona, jimbo la Wisconsin. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kati ya waliokuwamo alipona mmoja tu, mpiga tarumbeta Ben Cauley. Wimbo aliourekodi siku chache kabla, ule wa kukaa gatini akiyatazama maji, ulitolewa Januari 1968 ukafika juu kabisa, na yeye hayupo kuusikia.

Mwaka huo wa 1968 Stax wakagundua jambo jingine la uchungu. Katika mkataba waliotiliana na Atlantic mwaka 1965, mkataba ambao Jim Stewart hakuusoma kwa makini, kilikuwamo kifungu kilichoifanya Atlantic kuwa mwenye tepu zote za nyimbo ilizozisambaza. Jasho lote lile la usiku, pamoja na "Otis Blue", halikuwa lao. Kampuni ilijikongoja, ikafilisika katikati ya miaka ya 1970, na jengo la ile sinema likabomolewa mwaka 1989. Baadaye watu wa Memphis walijuta, wakajenga mfano wake pale pale, na tangu mwaka 2003 pana makumbusho. Nimesimuliwa kwamba hata mwinamo wa sakafu wameurudisha.

Kuhusu jalada nitasema kidogo tu. Lina picha ya msichana wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, wala si picha ya mtu aliyeimba. Kila nikilitazama nawaza juu ya yule mchimba visima aliyeimba usiku kucha, kisha akawekewa uso wa mtu mwingine.

Na visima ndivyo vinavyofunga santuri. Wimbo wa mwisho, "You Don't Miss Your Water", ulikuwa wa William Bell, mwimbaji mwenzake wa Stax, nao unazungumza juu ya mtu asiyejua thamani ya maji mpaka kisima kikauke. Wengi wameuimba. Lakini huyu alipata kusimama ndani ya shimo na sepeto akiyatafuta maji, na nadhani ndiyo sababu hapazi sauti hata kidogo. Anausema tu, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi.

Yule kijana mnunuzi alirudi Jumamosi iliyopita. Safari hii hakuja kununua. Aliomba aisikie tu. Tulimkaribisha chai, nikaifuta santuri kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa kufuata mviringo wa mifereji, nikaiweka. Wimbo wa kwanza ukapita. Ulipoanza wa pili, nikainuka kwenda kuivusha sindano penye mkwaruzo kama ilivyo desturi, lakini Mama Zaina alikuwa amekwisha kunitangulia. Aliinyanyua kwa ncha ya kidole, akaihamisha kidogo mbele, akaishusha taratibu kabisa, kisha akarudi kitini kwake kumalizia chai.